Kisogo na Yaliyomo Ndani Yake

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya afya, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Ndara na Voi katika Taita Taveta, na kwa wasomaji wote waendeshao pikipiki au wapandao nyuma yake.)



Kila ayasikiaye maneno haya na aweke kiganja chake kisogoni, pale nywele zinapoishia na shingo inapoanzia. Chini ya kiganja hicho, ng'ambo ya mfupa ulio mwembamba kuliko wengi wadhaniavyo, vimo vitu viwili ambavyo bila ya hivyo hapana mtu awezaye kuvuta pumzi, wala kwenda hatua kumi bila ya kuyumba. Cha kwanza huitwa shina la ubongo. Cha pili huitwa ubongo mdogo.

Kazi ya moyo, na mapafu, na ini, watu wengi huijua, maana viungo hivyo huonekana kila mbuzi anapochinjwa. Vitu hivi viwili havizungumzwi sana, kwa kuwa vimefichwa ndani ya bupuru la kichwa. Lakini katika nchi ya Ndara, ambako njia za mlimani ni za mteremko mkali, na ambako barabara kuu ya Nairobi na Mombasa haiko mbali, maarifa haya si ya wanafunzi wa udaktari peke yao. Huenda yakaokoa roho ya mtoto wa mtu.

MAHALI PAKE

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 au 1,400 hivi. Sehemu yake iliyo kubwa, ile iliyokunjwakunjwa na kujaza kichwa kuanzia kwenye paji la uso, ndiyo yenye kufikiri, kukumbuka, kusema na kukusudia. Chini yake hutoka shina, mfano wa mguu wa uyoga utokavyo chini ya mwavuli wake. Urefu wa shina hilo ni sentimita saba au nane, na unene wake ni kama wa kidole gumba. Likishuka hupita katika tundu kubwa lililo chini ya bupuru, na kutoka hapo huendelea kuwa ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ipitayo ndani ya mifupa ya uti.

Nyuma ya shina, kisogoni, ndipo ukaapo ubongo mdogo. Una umbo kama la chungwa lililobanwa, na juu yake una mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu. Uzito wake ni gramu 150 hivi, kadiri ya sehemu moja katika kumi ya ubongo wote.

KAZI YA SHINA

Wataalamu huligawanya shina katika sehemu tatu. Ya juu huitwa ubongo wa kati. Hiyo huongoza mwendo wa macho, na huifanya mboni ya jicho iwe ndogo penye mwangaza na kubwa penye giza. Ndiyo sababu daktari humulika tochi machoni mwa mtu aliyezimia. Hatazami jicho kwa ajili ya jicho. Anauliza habari za shina, na mboni ndiyo imjibuyo.

Sehemu ya pili huitwa daraja, nalo ni daraja kweli, kwa kuwa nyuzi nyingi za fahamu huvukia hapo kwenda katika ubongo mdogo, kama watu wavukavyo mto Voi. Daraja huhusika pia na kutafuna, na mienendo ya uso, na usingizi.

Sehemu ya tatu, iliyo chini kabisa, huitwa medula. Hapo ndipo zinapotawaliwa pumzi, na mapigo ya moyo, na nguvu ya damu katika mishipa, pamoja na kumeza, kukohoa na kutapika. Mishipa ya fahamu itokayo ubongoni moja kwa moja ni jozi 12, na katika hizo jozi 10 hutoka katika shina. Tena kila amri itokayo katika ubongo mkubwa kwenda mikononi na miguuni hupita shinani, na nyingi katika hizo huvuka upande mmoja kwenda wa pili zifikapo medulani. Kwa hiyo mtu aliyepatwa na kiharusi katika upande wa kushoto wa ubongo mkubwa hupooza mkono na mguu wa kulia.

Tena umo ndani ya shina wavu wa chembe za fahamu ambao kazi yake ni kuuweka ubongo wote macho. Ni kama mlinzi wa usiku. Mlinzi huyo akiangushwa, wenye nyumba wote hulala usingizi usioamshika, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyeguswa.

Na ifikiriwe habari ya pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 katika dakika moja, yaani kama mara 20,000 kwa siku moja, naye hahesabu hata moja. Medula huionja damu usiku na mchana. Ile hewa chafu iitwayo kaboni dioksidi ikizidi, medula huamuru kifua kipanuke. Mtoto mwenye hasira aweza kuizuia pumzi yake mpaka akazimia, lakini akisha kuzimia, medula humrudishia pumzi bila ya kumwuliza. Daktari mmoja wa Ufaransa, César Legallois, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1812 kwamba pumzi ya mnyama haitegemei ubongo wote, ila hutegemea mahali padogo katika medula. Pakikatwa hapo, pumzi hukoma mara moja.

Jambo hili lilidhihirika kwa namna ya ajabu katika mji wa Fruita, jimbo la Colorado, Marekani. Tarehe 10 Septemba 1945 mkulima mmoja alimkata jogoo kichwa kwa shoka. Kila mtu amewahi kumwona kuku akirukaruka kidogo baada ya kuchinjwa, kisha akatulia. Jogoo yule hakutulia. Shoka lilikuwa limepita juu mno, likaacha sehemu kubwa ya shina la ubongo. Alilishwa kwa kudondoshewa chakula kooni, akaishi miezi 18, hata akafa mwezi wa Machi 1947. Kichwa hakuwa nacho, lakini shina alikuwa nalo, na kwa hilo alipumua.

KAZI YA UBONGO MDOGO

Atakaye kuuona ubongo mdogo ukifanya kazi asiende mbali. Na amtazame mama ashukaye mlima wa Ndara, ambao wengi huuita Sagala, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni, huku akizungumza na jirani yake. Njia ina mawe, mteremko ni mkali, na mzigo unayumba. Hata hivyo mama yule hafikirii mguu gani uende kwanza, wala shingo igeuke kiasi gani. Ubongo mkubwa umesema neno moja tu: “Shuka.” Yaliyobaki ni kazi ya ubongo mdogo. Huo hupokea habari kutoka miguuni, na viungoni, na machoni, na katika masikio ya ndani ambamo mna chombo cha kupimia mizani ya mwili. Hulinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo uliotendeka. Kisha husahihisha kosa kabla mguu haujateleza.

Ndio pia uhifadhio ustadi wa mikono. Mtoto ajifunzaye kutembea, kijana ajifunzaye baiskeli, na mkata mkonge wa mashamba ya tambarare ambaye kisu chake hupita haraka kuliko jicho, hao wote hukosea mara nyingi hapo mwanzo, na kila kosa huwa somo kwa ubongo mdogo.

Kwa kazi hizi ubongo mdogo una chembe nyingi mno. Ubongo wote wa binadamu una chembe za fahamu kama milioni elfu 86, na katika hizo kama milioni elfu 69 zimo katika ubongo mdogo, ijapokuwa uzito wake ni sehemu ya kumi tu. Na ndovu wa Tsavo, ambao watu wa Ndara huwajua vema kwa hasara wanayoifanya mashambani, wana ajabu yao. Wataalamu walipohesabu chembe za ubongo wa ndovu mmoja wa Afrika, wakatangaza hesabu hiyo mwaka 2014, waliona chembe kama milioni elfu 257, na kama milioni elfu 251 katika hizo zilikuwa katika ubongo mdogo. Hudhaniwa kwamba sababu mojawapo ni mkonga, ambao waweza kung'oa mti, na pia waweza kuokota tunda dogo bila ya kulipasua.

YALIYOJULIKANA VITANI

Mwaka 1824 Mfaransa mwingine, Pierre Flourens, aliandika habari za njiwa aliowaondolea ubongo mdogo kidogo kidogo. Njiwa wale waliona, na kusikia, na kutaka kuruka, lakini mabawa na miguu havikupatana. Nguvu ilikuwapo, utaratibu ndio uliopotea.

Habari za binadamu zilikuja kwa njia ya huzuni zaidi. Nchi ya Taita haikukosa kuonja vita vya 1914 hadi 1918. Reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kwenda Maktau na mbele yake, watu wakapigana Salaita mwezi wa Februari 1916, na makaburi ya askari yapo Voi hata leo. Katika vita hivyo hivyo, huko Ufaransa, alikuwako daktari aitwaye Gordon Holmes, mzaliwa wa Ireland. Kofia ya chuma ya askari wa Kiingereza ilikuwa fupi, haikufunika kisogo vizuri, na kwa hiyo Holmes aliletewa askari wengi waliopigwa risasi au vipande vya mizinga mahali hapo. Mwaka 1917 aliandika aliyoyaona. Waliojeruhiwa upande mmoja wa ubongo mdogo waliharibika mkono na mguu wa upande ule ule. Hawakupooza, bali walikwenda kama walevi, wakanyosha mkono kushika kikombe nao ukapita kando au ukatetemeka ulipokaribia. Mmoja alieleza kwamba mkono wake mzima hujiendea wenyewe, lakini ule mwingine ilimpasa aufikirie kila mwendo.

Wamesemwa walevi, na hilo si mfano tu. Mtu aliyekunywa mbangara nyingi, au pombe nyingine yoyote, huyumba, hushindwa kugusa pua yake kwa kidole akiwa amefumba macho, na ulimi wake huwa mzito, kwa sababu pombe huudhoofisha ubongo mdogo upesi. Mtu huyo akiketi juu ya pikipiki, huwa amemwacha nyumbani yule anayesahihisha makosa yake. Na aliyekunywa sana kwa miaka mingi aweza kuuharibu ubongo mdogo hata akawa anayumba siku ambazo hakuonja tone.

HATARI ISIYOONEKANA

Sasa na ufikiriwe mfano wa kijana wa bodaboda. Amempeleka abiria sokoni Voi, anarudi jioni, kichwa wazi. Mbuzi anakatiza njia, pikipiki inaanguka, kijana anagonga kichwa upande wa juu ya sikio. Anazimia kitambo kidogo, kisha anaamka, anajipangusa vumbi, anasema hana neno. Watu wanamcheka kidogo, wanamrudisha kwao. Usiku kichwa kinamwuma, anatapika, halafu analala usingizi wa kukoroma. Mama yake ataka kumwamsha, lakini wazee wanamwambia, “Mwache mtoto apumzike, amechoka tu.” Alfajiri mama anamkuta amekwisha poa.

Ni kitu gani kilichomwua? Mshipa wa damu ulio kando ya bupuru ulipasuka, damu ikajikusanya polepole kati ya mfupa na ubongo. Bupuru si mfuko, halipanuki. Damu ilipoongezeka, ubongo ulisukumwa ukashuka kuelekea lile tundu la chini, na shina likabanwa. Mlinzi wa usiku akaangushwa kwanza, ndiyo maana usingizi ulikuwa mzito. Kisha medula ikabanwa, na pumzi ikakoma. Kumbe kijana yule hakuwa amelala. Alikuwa akifa kwa saa kadhaa, na katika saa hizo daktari wa upasuaji angaliweza kutoboa mfupa na kuiondoa damu.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijue dalili hizi. Mtu aliyegonga kichwa na apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi ikiwa alizimia, hata kwa kitambo kidogo; ikiwa maumivu ya kichwa yanazidi; ikiwa anatapika mara kwa mara; ikiwa haamshiki kwa urahisi, au maneno yake hayafahamiki; ikiwa mboni moja ni kubwa kuliko ya pili; ikiwa mkono au mguu mmoja umelegea; ikiwa amepatwa na kifafa; au ikiwa maji meupe au damu yanatoka puani au masikioni. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Voi, na kwa mtu wa namna hii saa moja ni kitu kikubwa.

JINSI YA KUMCHUKUA ALIYEUMIA

Huruma isiyo na maarifa imewadhuru wengi. Desturi iliyoenea ni kumwinua majeruhi kwa kwapa, kumketisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, na kukimbia naye huku kichwa kikining'inia. Lakini pale shingoni ndipo shina linapoungana na ugwe wa mgongo. Mfupa wa shingo uliovunjika, ukipinda, waweza kuukata ugwe huo, na aliyekuwa na jeraha la kupona akawa hawezi kutembea tena, au akakata pumzi papo hapo.

Lililo jema ni hili. Kama hakuna moto wala gari lijalo, majeruhi aachwe alipo mpaka watu wa kutosha wapatikane. Mmoja apige magoti penye kichwa na kukishika kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili. Wengine wamtelezeshe wote kwa pamoja juu ya ubao, au mlango uliong'olewa, au kitanda, na asafirishwe kwa gari akiwa amelala. Akitapika au kukoroma kwa kamasi na damu, ageuzwe ubavu, kichwa na kiwiliwili vikigeuka pamoja kama gogo moja, maana pumzi ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Asinyweshwe kitu chochote, si maji, si chai, si dawa. Na mmoja wa walioona ajali aende naye, amweleze daktari saa aliyoanguka, na kama alizimia, na kwa muda gani.

KOFIA NGUMU

Mwezi wa Mei 1935 Mwingereza mashuhuri, T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki kwao Uingereza bila ya kuvaa kofia ngumu, akafa siku ya sita pasipo kuzinduka. Mmoja wa madaktari waliomwangalia, Hugh Cairns, hakuisahau habari ile. Alichunguza ajali za wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akatangaza kwamba kofia ngumu huokoa maisha. Uchunguzi mwingi umefanywa tangu hapo, na ulipokusanywa pamoja ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Sheria ya barabara ya Kenya, kama ilivyoongezwa mwaka 2012, humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu, na humruhusu mwendeshaji kuchukua abiria mmoja tu. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi ila usukani. Wala kofia isiyofungwa kidevuni haifai kitu, kwa kuwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia njema hushuka mpaka ifunike kisogo, hukaza kichwa bila ya kuumiza, na ikisha kugonga chini kwa nguvu mara moja haifai kuvaliwa tena, hata kama nje haina ufa. Abiria ambaye hakupewa kofia ana haki ya kuidai, na akikataliwa, ana miguu ya kwendea.

Mfupa uliovunjika mguuni huunga. Ngozi iliyochanika huota tena. Lakini chembe za shina la ubongo zikisha kufa hazirudi, na hapana fundi wala dawa ya kuzirudisha. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Basi kila aliyeweka kiganja chake kisogoni mwanzoni mwa maneno haya na akiweke tena kesho asubuhi, kabla ya kupanda pikipiki, akiuliza kama mahali pale pamefunikwa.